Joto la Kibanda cha Kagure

Nyuma ya soko mjini Nyeri kuna safu ya vibanda vya chakula. Mtu mwenye pesa kidogo hashindi njaa pale. Kuna samaki wa kukaanga, kuna chapati na maharagwe, kuna supu ya mbuzi. Kuna pilau ya Mwanaisha, ambayo harufu yake huwatoa makarani ofisini kabla ya saa ya chakula. Mwisho wa safu, upande unaopigwa na upepo wa mlima, kuna kibanda cha Kagure. Kagure hupika githeri, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, na mukimo wa viazi vilivyopondwa.

Kwenye safu hii mtu hula mukimo kwa Kagure, kisha huvuka kwa Mwanaisha kunywa chai ya tangawizi. Hakuna anayenuna. Wanawake hawa wawili waliitana kwa majina ya watoto wao.

"Mama Wendy, naazima huyu mteja wako," Mwanaisha alikuwa akisema.

"Umrudishe akiwa mzima, Mama Junaid," Kagure alikuwa akijibu, na wote wakicheka.

Kona moja ya kibanda ilikuwa ya mzee Ngatia, baba mkwe wa Kagure. Watu wote walimwita Guka, yaani babu. Zamani alikuwa mlinzi wa ghala. Hakupenda kukaa nyumbani peke yake, kwa hiyo kila asubuhi alikuja na Kagure. Alikaa kwenye kigoda chake akichambua maharagwe. Alivaa koti lake la ulinzi, zito, lenye vifungo vikubwa. Alijua nani hapendi kitunguu na nani anapenda ukoko.

"Huyu mpe ile ya chini ya sufuria," alimwambia Kagure. "Anapenda ile imeshikana."

Kisha ukaja mwezi wa Julai.

Mtu ambaye hajakaa Nyeri mwezi wa Julai asituambie habari za baridi. Jua halionekani. Manyunyu huanguka asubuhi mpaka jioni. Wateja wa Kagure walikula haraka wakaondoka. Guka alikohoa. Vidole vyake vilikufa ganzi, na maharagwe yakamponyoka.

Mathenge, mume wa Kagure, alikuwa seremala. Alimpenda sana baba yake. Jumapili moja alileta karatasi ngumu ya nailoni na misumari. Aliizungushia kibanda chote. Aliziba kila tundu, mpaka juu kabisa chini ya mabati. Mlangoni aliweka pazia la nailoni la kufunga kwa kamba. Kisha akachukua jiko la makaa lililokuwa nje, akaliingiza ndani karibu na kigoda.

"Sasa Baba hatasikia baridi tena," alisema.

Kagure hakuwa mzembe. Alijua kwamba moshi ni mbaya. Kila asubuhi aliwasha jiko nje, akangoja moshi uishe na makaa yawe mekundu. Ndipo akaliingiza. Mama yake alimfundisha hivyo, na watu wengi wa huku kwenye baridi wanafanya hivyo hadi leo. Kosa lenyewe lilikuwa hapo, na hakuna aliyelijua.

Kibanda kilipata joto zuri. Guka alivua koti lake, akalitundika kwenye msumari.

"Hii koti nayo ipumzike," alisema. "Imefanya kazi mingi kuliko mimi."

Wateja walijaa. Walikaa, wakaagiza sahani ya pili, wakasahau kuondoka. Kagure alifurahi. Furaha yenyewe haikudumu.

Mteja mmoja alisukuma sahani yake kando. "Mama, hii githeri yako iko na magadi mingi. Nikikula hapa kichwa inaniuma mpaka jioni."

"Magadi gani?" Kagure aliuliza. "Mimi sitii magadi!"

Mwingine alisema anasikia kizunguzungu. Mwingine alitoka nje akatapika. Maneno yakaenea sokoni kwamba chakula cha Kagure ni kibaya. Kagure alidhani maharagwe yake yalikuwa na dawa ya wadudu. Alisafiri mpaka soko la Kagio, akanunua mengine, akayachagua kwa mkono wake mwenyewe. Wateja bado waliumwa.

Kagure naye kichwa kilimgonga kila mchana. Akitembea kwenda nyumbani jioni, kilipoa. Alidhani ni uchovu. Guka alianza kusinzia mchana. Siku moja alitapika, na miguu ikakosa nguvu. Wakampa maziwa, wakamkalisha tena palepale karibu na jiko. Inauma kuyaandika hayo.

Wateja walianza kuhama. Wengi walikwenda kwa Mwanaisha, ambaye kibanda chake kilikuwa wazi pande mbili. Kagure aliwaona wakipita, na moyo wake ukafura.

Asubuhi moja Mwanaisha aliingia.

"Mama Wendy, humu ndani hakuna hewa. Kifua kinanibana. Mtoe mzee nje kidogo, ufungue na hii nailoni."

"Nifungue ndio baridi ifukuze hata hawa wamebaki?"

"Sikuja kwa ubaya, dada."

"Ati hukuja kwa ubaya! Watu yangu yote iko kwako. Wewe pika pilau yako, niachie githeri yangu."

Mwanaisha alimtazama Guka, ambaye alikuwa amelaza kichwa ukutani. Alimtazama na Kagure. Kisha akaondoka. Tangu siku hiyo hakuna aliyeazima mteja wa mwenzake.

Juma lililofuata kulikuwa na upepo mkali na manyunyu. Kagure aliweka sufuria kubwa jikoni, akaongeza makaa. Alimpakulia Guka sahani ya githeri ya jana. Mzee alisema hana hamu, kwa hiyo Kagure aliifunika na kuiweka kando.

"Guka, naenda kutafuta kabichi. Sitakawia."

"Enda," mzee alijibu. "Mimi nalinda."

Kagure alifunga kamba ya pazia kutoka nje ili upepo usimpige mzee. Alifanya hivyo kwa kumhurumia.

Sokoni alikawia. Mwanaisha, aliyekuwa akikata vitunguu, alisikia harufu ya githeri ikiungua.

"Guka!" aliita. "Githeri inaungua!"

Hakujibiwa. Aliita tena. Kisha akakimbia na kisu chake cha vitunguu, akaikata nailoni kuanzia juu hadi chini. Guka alikuwa ameanguka kando ya kigoda. Maharagwe yalikuwa yametawanyika sakafuni. Ngugi, fundi wa viatu anayekaa ng'ambo ya njia, alikuja mbio. Wakamvuta mzee mpaka nje.

"Leteni maziwa!" mtu alipiga kelele.

"Maziwa ya nini?" Mwanaisha alilia. "Hata kumeza hawezi! Tafuteni gari!"

Kagure alifika na kabichi zake wakati gari linaondoka. Guka hakufika hospitalini akiwa hai.

Kabla ya jioni soko zima lilikuwa na neno moja: githeri ya Kagure imeua mzee. Lakini sahani ya Guka ilikuwa bado imefunikwa. Hakuwa ameonja hata punje.

Kesho yake alikuja Wangechi, afisa wa afya ya umma. Hospitali ndiyo iliyompa habari. Watu walikusanyika kuona kibanda kikifungwa. Kagure na Mathenge walisimama kando, macho yamewavimba. Wangechi hakugusa sufuria. Alitazama nailoni iliyokatwa. Alitazama jiko. Kisha akawageukia watu.

"Ni nani aliumwa na kichwa akila hapa?"

Mikono mingi iliinuka.

"Mkitoka nje, kichwa kinaendelea?"

"Inapungua pole pole," mmoja alijibu.

"Na kuna mtu alikula chakula cha hapa kila siku, na hakuumwa?"

Kisha Ngugi akainua mkono.

"Mimi, madam. Mimi hukula githeri ya huyu mama kila siku. Lakini hukulia pale kwa viatu zangu, nisiibiwe. Sijawahi umwa hata kidogo."

"Githeri ni hiyohiyo?"

"Hiyohiyo. Sufuria ni moja."

"Basi chakula hakina kosa," Wangechi alisema. "Kosa ni hewa."

Kagure alitikisa kichwa. "Lakini madam, mimi nilikuwa nawashia jiko nje. Nilikuwa nangoja makaa ishike vizuri. Haikuwa na moshi hata kidogo."

"Wengi wanafikiri hivyo, mama. Makaa yakiwaka hutoa hewa yenye sumu. Inaitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi. Haina harufu. Haiwashi macho. Moshi unaouona ukiisha, hiyo hewa bado inatoka, hata makaa yakiwa mekundu kabisa. Nje, upepo huibeba. Ndani ya mahali palipozibwa, inajaa. Ukiivuta, inaingia kwenye damu na kukaa mahali pa hewa nzuri. Kichwa kinauma. Unasikia kizunguzungu, unataka kutapika, miguu inalegea. Kisha unasinzia. Wengine hawaamki."

"Na maziwa?" mtu aliuliza.

"Maziwa hayaiondoi. Ukiona dalili hizo, toeni kila mtu nje kwanza. Mlango uachwe wazi. Kisha mpelekeni mgonjwa hospitalini upesi, hata akisema amepata nafuu. Wazee huanguka mapema. Watoto pia, na mama wajawazito."

Mathenge alikuwa ametazama chini muda wote. Sasa akasema, polepole, "Kwa hivyo ni mimi niliua baba."

Wangechi alimgeukia.

"Ameuawa na hewa ya makaa," alisema. "Wewe ulitaka apate joto, na hakuna aliyekuambia. Lakini nailoni uliipigilia wewe, na wewe ndiye unajua misumari iko wapi. Ianze kung'oka leo."

Mathenge alichukua nyundo. Aling'oa msumari mmoja baada ya mwingine huku analia. Watu walioitwa na tamaa ya kuona kibanda kikifungwa waliona haya. Wengine walimsaidia kukunja nailoni.

Kagure alimwendea Mwanaisha. "Uliniambia," alisema.

"Nilikuambia hakuna hewa," Mwanaisha alijibu. "Sumu sikuijua, Mama Wendy. Ningeijua, nisingekubali kuondoka hata ungenimwagia maji ya moto."

Wakashikana, wakalia pamoja.

Baada ya mazishi Kagure hakutaka kurudi sokoni. Alikaa nyumbani tu. Siku moja Mwanaisha alikuja na bakuli la pilau. Alingoja mpaka Kagure amekula kidogo.

"Njoo uwachukue wateja wako," alisema. "Nimechoka nao. Kila siku wanakaa kwangu, wananiuliza githeri."

Kagure hakucheka. Lakini Jumatatu alirudi.

Mathenge alikijenga kibanda upya. Aliweka mbao mpaka kifuani tu, na juu akaacha wazi pande zote. Jiko alilijengea kibanda chake kidogo cha mabati huko nje, bila kuta. Siku hizi jiko halivuki mlango, liwe jekundu au jeusi. Wenye vibanda wengine walikuja kutazama. Nao wakatoa majiko yao nje. Wangechi alipita akawaonyesha namna ya kuyakinga na mvua.

Baridi ilirudi ndani ya kibanda. Nisikudanganye, ilirudi yote. Wateja wengine walinung'unika.

"Mama, hapa ni baridi sana."

"Ni baridi," Kagure alijibu. "Vaa koti, ukule haraka."

Lakini hakuna aliyeumwa na kichwa tena. Kidogo kidogo watu walirudi. Kigoda cha Guka kilibaki konani, na koti lake kwenye msumari wake. Kagure hakuwa na moyo wa kuviondoa. Asubuhi nyingine alijikuta akiweka ungo wa maharagwe mbele ya kigoda kabla hajakumbuka.

Mwishoni mwa Agosti mteja mmoja aitwaye Mwai, mwendesha bodaboda, alikuja na binti yake mdogo. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Mama, nataka kukuambia kitu. Juzi nilichelewa kazini. Kufika nyumbani, nikapata mke wangu ameweka jiko ndani, amefunga dirisha juu ya baridi. Ati kichwa inamuuma. Huyu mtoto alikuwa amelala, namwita haamki."

Kagure aliacha mwiko.

"Nikakumbuka Guka," Mwai aliendelea. "Sikutafuta maziwa. Niliwabeba nje, nikaita jirani mwenye gari, tukaenda hospitali. Walipewa oksijeni. Daktari alisema tungekawia kidogo tungempoteza."

Kagure alimtazama mtoto. Alikuwa mzima, kamasi zinamtoka kwa baridi, na macho yake yalikuwa kwenye sufuria.

"Kaa, mama," Kagure alimwambia, vile watu wa huku wanavyomwita hata binti mdogo.

Mtoto alikalia kigoda cha Guka. Upepo wa mlima ulipita juu ya mbao, naye akatetemeka. Mathenge, aliyekuwa akirekebisha benchi, alitazama juu mahali alipokuwa ameng'oa nailoni.

Kagure alitoa koti kwenye msumari. Alilikung'uta vumbi, akamfunika nalo mtoto mpaka miguuni, akamfunga kile kifungo kikubwa cha juu. Kisha akatoka nje kwenye jiko, akampakulia ile ya chini ya sufuria.