Jogoo wa Mkwe Hatengwi

Siku ya soko Kitale, ukiingia agroveti, duka la wakulima la Wakiuru, lazima ukanyagwe mguu. Wa mbegu wako hapo, wa dawa ya kupe wako hapo, na wale wazee wa kuuliza bei tu waende zao nao wako hapo. Ndimo alimoingia Nasike, dera la kijani, sweta ya kaka yake juu, kitambaa cha kichwani kimefungwa haraka haraka, na mkononi gazeti lililokunjwa. Alikuwa amekuja kumwona dada yake Edinah mtaani Kibomet, akaona asirudi kwao Myanga bila jibu.

"Nani anajua mambo ya kuku hapa?"

"Mimi hapa," alijibu kijana wa kaunta, Gicheru, koti jeupe limepigwa pasi mpaka unaogopa kuligusa.

Nasike alilifungua gazeti juu ya kaunta. Ndani mlikuwa na mavi ya vifaranga. Watu walirudi nyuma, mama mmoja akaziba pua kwa leso. Gicheru yeye aliinama akatazama kwa makini, na Nasike, ambaye alikuwa amezoea wanaume wamtazame yeye tu, alianza kumpenda hapo hapo.

"Umewapa dawa kali juzi juzi?"

"Nimewapa. Walikuwa wanaharisha."

"Basi umeua wabaya na wazuri. Tumbo limebaki bila mlinzi." Akaweka kopo mbele yake. "Huu unga si dawa, ni nyongeza ya lishe. Una bakteria wazuri wa utumbo. Tia kwa maji ya kunywa, lakini maji ya mvua. Yale ya mfereji yana dawa, yatawaua hao bakteria."

"Ngoja kwanza. Ati nitoe pesa yangu ninunue wadudu?"

"Wadudu wazuri, mrembo."

"Kwetu Myanga wadudu ni bure, bana."

Duka zima lilicheka. Gicheru akaomba namba yake ya simu, ati afuatilie hali ya wagonjwa. Tangu lini muuza duka akafuatilia wagonjwa? Lakini namba akapewa.

Nimesikia mapenzi ya kila aina, ya maua, ya mashairi, ya kutumiana kredo ya simu. Ya hawa wawili yalianza kwa choo cha kuku. Kila jioni simu ililia kule Myanga.

"Mama kuku, choo cha leo kikoje?"

"Kimeshikana. Kahawia, na kofia nyeupe juu."

"Aah. Sasa nitalala."

"Na mimi je? Huniulizi mimi nikoje?"

"Wewe naogopa kuuliza. Utaniambia uko salama na mwingine."

Vifaranga wakanenepa, manyoya yakang'aa, majirani wakaanza kuja kuchungulia. Wapenzi wakawa wanakutana mjini Bungoma, Gicheru na shati lake la mistari, Nasike na viatu vya kisigino alivyovivaa akishafika stendi tu. Siku moja, katikati ya makelele ya bodaboda, Gicheru alimwambia anataka kuja nyumbani ajulikane.

"Nije na nini?"

"Kwetu mgeni wa maana haji mikono mitupu. Leta jogoo. Na awe jogoo kweli, si kifaranga aliyejifunga kilemba."

Akanunua sokoni Kitale jogoo mwekundu, kifua mbele kama chifu. Akafika Myanga na wajomba zake, suti ya kijivu, viatu vinameta. Nasike alimpokea jogoo akampeleka moja kwa moja kwenye kizimba cha peke yake nyuma ya nyumba. Kuku mgeni hukaa mbali kwanza, asije akawa amebeba ugonjwa, na aliyemfundisha hivyo ni Gicheru mwenyewe.

Baada ya chakula Mzee Makokha, baba yake Nasike, aliuliza jogoo wake yuko wapi.

"Nimemtenga, baba. Tumwangalie kwanza."

"Jogoo wa mkwe hatengwi. Kwani ni mwizi? Watu watasema nimekataa zawadi." Mzee akamgeukia mgeni. "Wewe si umeniambia sasa hivi, kuku wakinywa unga wako ugonjwa unawapitia mbali?"

Ni kweli alikuwa amesema. Mwanamume akiwa kwa wakwe, amepewa firigisi na sifa juu yake, mdomo hukimbia. Alijua fika kwamba unga ule husaidia tumbo na kuupa mwili nguvu ya kujitetea, basi. Kideri, ule ugonjwa wa kupinda shingo za kuku, hakizuiwi na unga. Kideri ni chanjo na kutenga, na chanjo ya kurudia ilikuwa bado. Nasike alimtazama, macho yanamwomba aseme neno. Gicheru alitazama viatu vyake.

"Nimesema, baba."

Mzee akaenda akafungua kizimba kwa mkono wake mwenyewe. Jogoo akatoka anapiga mbawa, wageni wakapiga makofi. Makofi ya nini, hata sijui.

Siku chache baadaye Nasike alimkuta jogoo kafa, shingo imepinda. Sasa, kwa wazee wa boma lile, zawadi ya mkwe ikifa kabla ya harusi, ndoa imekwisha kukataliwa. Msichana akamzika kwenye migomba kabla mama yake, Rispah, hajatoka kukamua, akasema jogoo anazurura kwa majirani. Akamwomba Mungu yaishe hapo.

Hayakuisha.

"Gicheru, kuku wanakufa," Nasike alisema kwenye simu.

"Wanakufaje? Shingo zimepinda?"

"Hapana. Wanaharisha tu, wanadondoka."

"Na yule jogoo?"

Nasike alifumba macho. "Yuko. Mzima."

"Una hakika, mpenzi?"

"Si nimekwambia yuko?"

Kuku wote wakaisha, wa mayai, wa karo ya mdogo wake, wote. Mzee Makokha akampigia Gicheru simu: "Unga wako umenimalizia kuku. Nyumba yangu uisahau." Na Gicheru, aliyekwisha kuambiwa kwamba jogoo ni mzima, aliamini. Akatoa makopo yote rafuni, akawaambia wakulima mbele ya Wakiuru, mwenye duka, kwamba unga ule unaua. Wakiuru alimvua koti jeupe siku hiyo hiyo.

Nasike aliyasikia yote kwa Edinah na bado akanyamaza. Aliona hasira ya unga hupoa, kopo linaweza kusamehewa, lakini jogoo aliyekufa hasamehewi. Akangoja Gicheru apige simu. Gicheru hakupiga, kwa aibu ya mtu anayedhani ameua riziki ya mpenzi wake. Msichana akakonda, chakula kikamshinda. Mwishowe Edinah akamwambia kwamba Gicheru sasa anabeba magunia, na wakulima wanamcheka njiani. Hapo moyo ukakataa. Akapanda gari kwenda Kitale.

Alimkuta Kibomet, nje ya chumba chake, anafua shati kwenye beseni.

"Unga haukuua kuku," alisema hata kabla ya salamu.

"Nasike, usinihurumie."

"Jogoo alikufa wa kwanza. Nilimzika. Na shingo zilipinda, za wote."

Shati lilibaki majini. "Nilikuuliza. Mimi kwa mdomo wangu nilikuuliza."

"Ningesema nini? Ungemwambia baba, na baba akijua hakuna harusi."

"Kwa hivyo ukaniacha nitukane kitu kizuri mbele ya watu. Ungesema siku ile tungetenga wazima, tungeokoa hata wachache."

"Najua."

"Hujui wewe."

"Na wewe je?" Sauti ya Nasike ilipanda. "Baba alipoenda kufungua kizimba nilikutazama. Ulijua, Gicheru. Ukatazama viatu."

 Gicheru aliketi kwenye jiwe, mikono ina povu. Nasike akalia waziwazi, jirani akifunga mlango kwa heshima.

"Nilitaka unioe. Hiyo tu ndiyo iliniharibu akili."

"Hata mimi. Ndiyo maana nilinyamaza." Akapangusa mikono kwenye suruali. "Twende kwa mzee."

"Atatufukuza."

"Akitufukuza, atufukuze akijua."

Mzee Makokha alikuwa ameketi uani, mbele ya banda tupu, Rispah kando yake anachambua mboga. Hakuwaambia waketi. Gicheru alisimama akasema yote: jogoo alikuwa wake, kideri kilikuja naye, unga hauna hatia, sifa alizoupa zilizidi.

"Nilijua anafaa kutengwa, baba. Nikaona haya kukurudi mbele ya watu."

"Na mimi nilimzika, nikadanganya," Nasike aliongeza, akipiga magoti.

Rispah aliacha kuchambua mboga.

"Mkwe anayenionea haya mpaka boma langu linaisha, huyo wa kazi gani?" aliuliza mzee. "Kesho huyu binti awe mgonjwa, mimi niseme tumpe majani tu, wewe utatazama viatu?"

"La, baba."

"Nitajuaje? Haya, anza leo. Niambie nilikosea."

Rispah alishika mdomo. Katika boma lile hakuna mtu aliyewahi kumwambia Makokha neno hilo, hata mkewe. Gicheru alimtazama mzee usoni.

"Ulikosea, baba. Ulikosea kumfungulia."

Mzee aliligeukia banda. Mabega yake yalishuka, na kwa mara ya kwanza Nasike aliona kwamba baba yake amezeeka. Akanyoosha mguu akasukuma kigoda kuelekea kwa kijana.

"Keti," alisema. "Mama Nasike, weka chai." Kisha, bila kumtazama mtu: "Kuku hatuna, mkwe. Utatusamehe."

Gicheru aliketi. Nasike aliingia jikoni kumsaidia mama yake kuwasha moto, na machozi yakamshinda kuyazuia.