Sauti Iliyoitika Pangoni

Jumamosi moja ya masika, mwaka 1957, Lea alimwacha mama yake, Dorkasi, akichochea maharage, akaondoka Chumbageni na kaka yake Kristofa. Walikuwa wamejitolea, pamoja na mwalimu Ernesti na wenzao wachache, kuchimba matope ya pango lililo kando ya mto, wakitafuta vigae vya vyungu vya kale. Mvua ilikuwa imelijaza maji. Siku hiyo hawakuchimba, waliteka maji kuyatoa.

Walijipanga katika njia nyembamba ya mawe. Kristofa alisimama chini kabisa, maji yakimfika kifuani. Alijaza debe, akampa Lea gizani, Lea akampa Sabiha, mmoja wa wenzao, hivyo hivyo hadi nje. Karabai ilikuwa moja, kwa Ernesti, mdomoni mwa pango. Kila mara Ernesti aliita majina kama yuko darasani, nao wakaitika.

"Mwalimu, acha," alisema Sabiha. "Kwetu Wadigo, kwenye mzimu, mahali pa pepo kama hapa, haliitwi jina la mtu. Piga mluzi."

"Kama unaogopa, nenda kapike bokoboko."

"Nakwenda. Na mkija kulia mlangoni kwangu, sifungui."

Akaondoka. Hakuna aliyemuaga.

Adhuhuri maji yakapanda ghafla. Ernesti akaamuru watoke, akaita tena majina.

"Kristofa."

"Naam."

Sauti ilitoka nyuma ya Lea, upande wa nje. Na Lea alikuwa ameshika debe. Mkono wa yule aliyekuwa chini majini ulikuwa haujaliachia.

"Mimi nilitoka kitambo," Kristofa alimnong'oneza sikioni. "Huyo wa chini si mtu. Achia."

Mkono ulivuta. Haukuvuta kwa nguvu. Ulivuta kama wa mtu anayezama.

Lea akaachia.

Nje, maji yalipoziba mdomo wa pango, alimtazama kaka yake. Shati lake lilikuwa kavu.

Tangu siku hiyo Kristofa hakutoka nyumbani. Alikaa jikoni kwenye kigoda, akala kila alichopewa, akamtazama mama yake akipika. "Afadhali ametulia," alisema Dorkasi.

Maji yalipopungua, Ernesti alikuja alasiri moja, matope hadi magotini. Hakutaka kuingia.

"Kristofa yupo?" alinong'ona.

"Yupo jikoni."

"Basi tumemtoa nani pangoni? Sura ni yake, Lea. Debe bado kalishika."

Lea alikimbilia jikoni. Kigoda kilikuwa kitupu. Kutoka chumbani kwa mama yake alisikia sauti ya Kristofa, ya upole, ikimwita mama kwa jina, jambo ambalo Kristofa hakuwahi kuthubutu kulifanya maishani mwake.

"Dorkasi."

"Mama, usiitike," Lea alijaribu kusema. Sauti haikutoka.

"Naam, mwanangu," akaitika mama, kwa usingizi.

Komeo likateremka kwa ndani.

Ernesti aliingia mbio, akauvunja mlango kwa bega. Chumbani hamkuwa na mtu. Dirisha lilikuwa na nondo zake zote. Nyayo mbichi za matope, za watu wawili, zilitoka kitandani zikiwa sambamba, zikaenda hadi ukutani. Hapo hazikuishia. Zilipanda ukuta, hatua kwa hatua, hadi darini.