Tundu katika Kabati la Mama Chapa

Lisemwalo lipo, na kama halipo, laja. Asubuhi ya Jumatano, kwenye foleni ya bomba la shule, uvumi ulimfikia Chiriku kabla maji hayajafika kwenye ndoo yake. Aliyeuleta ni Redio, msichana wa darasa lao la sita ambaye habari haikai tumboni mwake hata dakika moja.

“Mmesikia? Mji wa jirani mtihani wa majaribio wa darasa la saba umefutwa! Wezi wameingia kwenye kompyuta ya duka lililokuwa likiuchapa, wakabeba maswali yote. Na kufuli la mlango halikuguswa!”

“Sasa walipitia wapi, dirishani?” mmoja akauliza.

“Hewani! Walikaa nje tu wanabonyeza simu. Leo mwenye duka hana uso wa kutazama watu.”

Wengine wakacheka, wakasema Redio leo imeshika stesheni ya uongo. Chiriku hakucheka. Jina hilo alipewa kwa sababu husema mpaka masikio ya watu yakachoka, lakini siku hiyo alinyamaza kama aliyemeza jiwe. Kila alipoufukuza uvumi ule, ulimrudia kama inzi kwenye kidonda. Mwalimu wa hesabu alimwita mara mbili, naye akajibu swali la Kiswahili.

Alikuwa na sababu. Mama yake ndiye Mama Chapa, mwenye duka la kuchapa. Na kesho yake, Alhamisi, maswali ya mtihani wa majaribio wa shule kumi na moja yangeletwa dukani humo.

Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja chembamba, kati ya kinyozi na fundi viatu. Mezani kulikuwa na kompyuta nne. Pembeni ilisimama printa kubwa iliyoitwa Ng’ombe, kwa jinsi ilivyoguna kabla ya kutoa karatasi. Na kwenye kona, juu ya kreti la soda, ilikaa kompyuta moja isiyo na kioo wala kibodi. Hiyo ndiyo waliyoiita Kabati. Kila kazi ya mteja, iwe barua, kadi ya harusi au hati ya kiwanja, ilihifadhiwa humo, na zile kompyuta nne zilichukua na kurudisha kazi kupitia mtandao.

Fundi Bisibisi, mwanamke aliyelifunga Kabati hilo, alikuwa ameacha daftari likining’inia ukutani kwa uzi. Maagizo yake yalikuwa mafupi: kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, programu ya Kabati isasishwe, kisha mhusika aweke alama ya vema na sahihi yake. Mama Chapa alimkabidhi Chiriku kazi hiyo. “Mimi darasa langu la saba liliishia kwenye kupiga chapa,” alisema. “Haya maandishi madogo hayapatani na macho yangu. Wewe ndiye mlinzi wetu.”

Mwanzoni mlinzi alilinda kweli. Lakini kusasisha kulichukua karibu saa nzima. Kabati lilizimwa, wateja wakanung’unika, na saa hiyohiyo mazoezi ya netiboli yalikuwa yakianza uwanjani. Siku moja kioo cha kompyuta ya mama kilipouliza, “Usasishe sasa?”, Chiriku akabonyeza “Baadaye”. Kisha akaweka alama ya vema daftarini. Mara ya kwanza aligeuka kutazama kama mama anamwona. Mara ya tano aliiweka huku akifunga kamba za viatu. Uongo ni kama kiatu kipya, wazazi wenzangu mnajua: siku za mwanzo hubana, baadaye mtu husahau kama amekivaa.

Tena si hilo tu. Wenzake wa timu walimsihi, “Tupe basi paswedi ya waifai, shoga, usiwe mchoyo.” Akawapa.

Mchana ule alifika dukani akihema. Mama yake alikuwa akipanga karatasi. Chiriku akakaa kwenye kompyuta na kufungua kumbukumbu za Kabati, mahali ambapo lenyewe huandika ni kifaa gani kimeingia, saa ngapi, na kimegusa nini. Hakuwa amezitazama kwa miezi mitano.

Aliona simu za wenzake. Aliona kompyuta nne za duka. Kisha akaona kifaa asichokijua. Jumapili saa tisa alasiri, duka likiwa limefungwa, kifaa hicho kiliingia bila neno la siri na kufungua folda moja tu: MITIHANI. Ilikuwa bado tupu. Jumatatu kikarudi. Jumanne kikarudi tena.

Mwizi alikuwa ameshaijua njia. Alichokuwa akisubiri ni chakula kiwekwe mezani.

“Hodi wenyewe!” Mlangoni alisimama Bwana Mkaguzi wa shule, mwanamume mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni.

“Shikamoo, Bwana Mkaguzi. Karibu ndani,” Mama Chapa akamvutia kiti.

“Marahaba. Sikai sana. Nimepita kuhakikisha tu, maana yaliyotokea mji wa jirani mmeyasikia. Je, hapa pako salama?”

“Salama kabisa!” Mama Chapa akalichukua daftari ukutani, uso ukimng’aa. “Tazama mwenyewe. Kila mwezi vema, kila mwezi sahihi. Ni huyu binti yangu. Hajaruka hata mmoja!”

Mkaguzi akaweka miwani machoni, akapitisha kidole kwenye zile alama. “Vizuri sana. Basi kesho saa nne nawaletea maswali.”

Chiriku alijua mambo mawili. Akisema, mama anaweza kunyang’anywa kazi ile mbele ya macho yake. Akinyamaza, mtihani wa watoto wa shule kumi na moja utakuwa mikononi mwa mwizi, na jina la mama litakokotwa matopeni. Ulimi ulikuwa mzito kama mfuko wa saruji. Lakini ukanyanyuka.

“Si kweli,” akasema.

“Nini si kweli?” mama akauliza.

“Hizo alama tano za mwisho. Sikusasisha, mama. Niliandika tu. Na kuna mtu ameshaingia Kabatini mara tatu. Anatafuta mtihani.”

Ng’ombe akaguna peke yake. Mama Chapa akaweka mikono kichwani. “We mtoto! Umenivua nguo mchana kweupe!”

“Nisamehe, mama.”

Mkaguzi alivua miwani taratibu. “Miaka ishirini na saba nimeonyeshwa madaftari yaliyojaa alama za vema,” alisema. “Leo ndiyo mara ya kwanza mtu ananionyesha kwa kidole chake ile ya uongo. Sikilizeni. Maswali yatalala ofisini kwangu. Kesho saa nne nakuja na mtaalamu wetu wa kompyuta. Atajaribu kuingia humu kama mwizi. Akiingia, kazi inakwenda mji mwingine, na msinitafute tena. Asipoingia, mnachapa.”

Mkaguzi alipoondoka, Mama Chapa hakupiga kelele. Alichukua simu, akampigia Fundi Bisibisi. “Dada, njoo. Njoo kama ulivyo.”

Fundi alifika na mkoba begani na bisibisi nyuma ya sikio, kama seremala na penseli yake. Hakuanza na lawama. Aliketi kwenye benchi nje ya duka, akafungua kompyuta yake ndogo, na baada ya muda mfupi sauti yake ikapenya dirishani:

“Kinyozi! Kumbe wewe ndiye uliyeandika barua ya kuomba kazi ya upishi?”

“Nani kakwambia?” Kinyozi akatoka na mkasi mkononi.

“Kabati limeniambia. Sikuliuliza hata neno la siri.”

Mama Chapa akajishika kifua. “Usipoziba ufa, utajenga ukuta,” akanong’ona.

“Basi ukuta tunaujenga leo kabla ya magharibi,” Fundi akasema, akachomoa waya wa mtandao wa Kabati. “Binti, njoo hapa karibu. Programu hii inayogawa mafaili ina tundu. Waliotengeneza programu waliligundua, wakatoa kiraka miezi mitano iliyopita, bure. Lakini siku kiraka kinapotolewa, ndiyo siku tundu linapotangazwa dunia nzima. Mwenye mali husoma, na mwizi naye husoma. Wewe ulipobonyeza ‘Baadaye’, mwenzio alibonyeza ‘Sasa’.”

Chiriku akasogeza kiti karibu.

Kwanza walinakili kila faili kwenye diski ya akiba, Fundi akaiweka mkobani. Kisha wakaanza kusasisha. Kabati likagoma: nafasi imejaa. Fundi akatazama kilichojaza. “Picha elfu moja na mia tatu za netiboli! Na hii video inaitwa ‘Tulivyowachapa Darasa la Saba’. Hili ni duka la kuchapa nini hasa?”

Hata Mama Chapa akacheka kidogo. Picha zikafutwa, na viraka, ambavyo Fundi alikuwa navyo kwenye kompyuta yake ndogo, vikaingia kimoja baada ya kingine. Ulipofika wakati wa kufunga lugha ya kizamani ambayo kompyuta za zamani huitumia kuombana mafaili, mama alishtuka. “Na Bibi je?” Bibi ni ile kompyuta ya mwisho mezani, iliyoanza na duka. “Haijui lugha nyingine.”

“Bibi aendelee kupiga chapa, ila Kabatini asiingie tena. Mlango ulioachwa wazi kwa ajili yake ndio mwizi anaoupitia.”

“Haya. Bibi amestaafu,” mama akasema, akauchomoa waya wa Bibi kwa mkono wake.

Waifai ya wageni ikatenganishwa na ya duka. Maneno ya siri yakabadilishwa. Folda ya mitihani ikafungwa, ikawa ya Mama Chapa peke yake. Jua lilikuwa limeanza kulegea. Waya wa Kabati ukarudishwa, Fundi akatoka tena kwenye benchi.

Walisubiri. Kisha Fundi akarudi akitikisa kichwa. “Nimeingia.”

“Tumekwisha!” mama akaketi chini sakafuni.

“Viraka vimeshika. Lugha ya zamani imekufa. Lakini kuna mlango mwingine, na si mimi niliyeuweka.”

Chiriku akasogea mbele. Hakusubiri aulizwe. “Ni mimi. Mwaka jana nilitengeneza folda ya ‘Timu’, kila mtu aingie bila jina, kwa sababu walinichosha kuniomba. Niliipa ruhusa zote.”

“Zote! Basi anayeingia humo anapanda mpaka juu. Keti. Uliyeufungua ndiye utakayeufunga.”

Chiriku akaketi. Aliondoa ruhusa moja moja, akisoma kila mstari kwa sauti na Fundi akiitikia. Akafuta folda. Kisha, bila kuambiwa, akapitia folda nyingine zote thelathini na nane, asije akawa amesahau dhambi nyingine. Hakuna aliyemharakisha.

Fundi akatoka mara ya tatu. Kinyozi na fundi viatu wakasimama nyuma yake kama watazamaji wa mpira. Akajaribu bila neno la siri: akakataliwa. Akajaribu lile tundu la zamani: ukuta. Akajaribu lugha ya Bibi: kimya. Akajaribu kila ujanja alioujua, kisha akaifunga kompyuta yake kwa kishindo.

“Siingii!” akapiga kelele. “Jamani, mimi mwenyewe niliyelifunga, siingii!”

Kinyozi akapiga vigelegele kama mama wa bwana harusi. Mama Chapa akamkumbatia Chiriku hadi pumzi zikamkatika, kisha akamfinya sikio, maana yote mawili yalikuwa haki yake.

Asubuhi saa nne mtaalamu wa ofisi alikuja, kijana mwenye suti na tabasamu la mtu anayejua atashinda. Robo saa ikapita, tabasamu likapungua. Nusu saa, akavua koti. Saa nzima ilipotimia alikuwa akijifuta jasho. “Bwana Mkaguzi,” akasema, “nimeshindwa. Tena naomba waniandikie walichofanya, tukafanye hivyohivyo ofisini kwetu.”

Bwana Mkaguzi akaweka bahasha mezani. “Chapeni.”

Ng’ombe akaguna, akatikisika, na karatasi ya kwanza ikatoka. Zikafuata elfu na elfu, zikafungwa na kutiwa lakiri. Jumatatu, watoto wa shule kumi na moja waliketi, wakafungua maswali ambayo hakuna jicho lisilohusika lililoyaona. Na Chiriku alipofungua kumbukumbu, alikuta yule mgeni wa Jumapili amebisha mara ishirini na tatu tangu Alhamisi. Kila mstari uliishia kwa neno moja: IMEKATALIWA. Aliusoma ukurasa wote kwa sauti kama anayesoma matokeo ya ushindi, na mama yake akamwambia arudie. Kisha Chiriku akaipeleka nakala yake kwa Mkaguzi, aliyeifikisha polisi.

Ndipo Mama Chapa akamketisha. “Mwanangu, tundu la kompyuta lilikuwa na kiraka tayari, kinangoja tu. Tundu la uongo halitengenezewi kiraka na mtu mwingine. Mwenye nalo hulishona mwenyewe, kwa kusema. Ulichelewa miezi mitano, lakini ulisema ingali mapema. Ndiyo maana leo nina duka. Kazi ya ulinzi ni yako bado. Lakini haya ninayoyasema sasa, yashike, na wenzako uwaambie.”

Na aliyoyasema ni haya:

Usiweke alama ya vema kwenye kazi ambayo hujaifanya.

Usibonyeze “Baadaye” kwa sababu ya mchezo. Mwizi hana mazoezi ya netiboli.

Usigawe neno la siri, hata kwa rafiki wa kufa na kuzikana.

Usifungue folda kwa kila mtu eti kwa kuwa wanakusumbua kuomba.

Usiuache mlango wa zamani wazi kwa kuionea huruma kompyuta.

Usiweke nakala ya akiba ndani ya kabati lilelile.

Usiache kusoma kumbukumbu. Mgeni asiye na hodi huacha nyayo humo.

Na ukikosea, usingoje kuulizwa.