Tanga la Angelina

"Dada, achia."

"Achia wewe, kaka."

Shuka lilikuwa moja, na walioling'ang'ania walikuwa watu wawili wasiojuana. Jumapili hiyo gulio la Sabasaba lilikuwa limefurika, na muuza mitumba aliyesimama juu ya meza akiimba bei zake alinyamaza kidogo ili naye aone mwisho wa sinema ile ya bure. Upande mmoja alikuwa Rahel, mwalimu wa chekechea kule Bigwa, mgeni wa mji kutoka Singida, amevaa gauni la njano la kanisani, nywele amezinyoa fupi, viatu kavivua kavishika mkononi visiharibike kwa tope. Upande wa pili alikuwa mwanaume mrefu, mwembamba, shati lake lina madoa ya rangi kuanzia kola hadi pindo.

"Mimi ndiye niliyelishika kwanza," alisema Rahel.

"Wewe umeshika pindo. Mimi nimeshika katikati."

"Kwani katikati ya shuka ina mwenyewe?"

Watu wakacheka. Yule mwanaume naye akacheka, akaachia. "Haya, chukua. Ila niambie unaenda kulifanyia nini. Shuka hili, wewe na mumeo na watoto sita mnapotea humo."

"Sina mume. Na silinunui la kulalia, nataka kulitundika ukutani."

Ona alivyokimbilia kujibu la mume, ambalo hakuulizwa! Baada ya hapo ndipo akaeleza habari ya sebule yake, yenye ukuta mpana mtupu uliomfanya ajione yuko stendi. Picha kubwa alizoziona madukani zilikuwa na bei za kumtoa mwalimu machozi, kwa hiyo ameamua atengeneze yake mwenyewe.

"Na wewe umewahi kuchora nini?"

"Embe. Samaki. Kwa ajili ya watoto darasani."

"Basi utatundika embe la ukubwa wa mlango." Akatoa simu mfukoni. "Naitwa Wilfred. Nachora mabango ya saluni na bucha hapa mjini. Nipe namba yako, nije nikusaidie kabla hujajiaibisha."

Namba ilitolewa haraka kuliko shuka.

Kazi ikaanza, na mapenzi nayo yakaanza palepale, hata usingeweza kusema kipi kilikuwa kisingizio cha kipi. Wilfred aliokota mabanzi kwenye kiwanda cha mbao akayapigilia yakawa fremu ya kujaza ukuta mzima. Rahel alizunguka kwa mafundi cherehani akiomba vipande vya vitenge wanavyovitupa. Walilipaka shuka mabaki ya rangi ya maji hadi likakakamaa, na gundi wakaipika wenyewe, uji mzito wa unga wa muhogo. Simu nazo hazikukoma.

"Mwalimu, umekula?"

"Bado, nafundisha watoto kuhesabu."

"Wahesabishe siku ambazo hujaniambia unanipenda."

"Hawajafika namba kubwa hivyo, mpenzi."

Picha yenyewe ingekuwa Rahel. Alasiri jua lilipoingia kwa dirisha la magharibi, alisimama mbele ya shuka, kivuli chake kikaangukia pale, na Wilfred akakifuatisha kwa kipande cha mkaa.

"Mkono kiunoni. Tulia, malkia."

"Malkia ana njaa."

"Malkia wa wapi mlafi hivyo? Bado kidogo tu."

Lakini jua halimsubiri mtu. Kivuli kikafifia wakiwa hawajafika hata nusu, na Rahel akakimbilia jikoni kuinjika chai. Alipochungulia, alimwona Wilfred anaendelea peke yake, bila kivuli, mkono unakwenda haraka na hausiti hata mara moja. Aliporudi na vikombe, mwanamke mzima alikuwa amesimama kwenye shuka.

"Wilfred! Umeniongezea tumbo!" Rahel alicheka karibu amwage chai. "Na hicho kilemba nimekivaa lini mimi?"

Wilfred hakucheka. Alilitazama lile shuka kama mtu aliyeamshwa ghafla. "Nimekupamba tu," alisema, akaweka mkaa chini.

Walilijaza umbo lile kwa vitenge, kipande baada ya kipande, bluu ya gauni, nyekundu ya kilemba, na picha ikapendeza kupita walivyotarajia. Ila tangu ilipotundikwa, Rahel hakukaa tena kwa raha sebuleni kwake. Akikaa kukata kadi za watoto, alihisi kuna mtu nyuma yake anayesubiri kwa adabu amalize, aondoke. Na kila alipoamka alikuta kipande kimoja cha kitenge kimebanduka kiko sakafuni. Alikibandika tena kwa gundi ileile iliyoshika vingine vyote, na kesho yake alikikuta chini. Aliogopa, akajiita mjinga, akaogopa vilevile.

Siku moja, saa ya mapumziko, alimpigia Wilfred.

"Baby, kuna kipande cha kitenge kinabanduka kila usiku."

"Cha tumboni?"

Rahel akaziba sikio la pili. Watoto walikuwa wakipiga kelele uwanjani. "Mimi nimekuambia ni cha tumboni?"

Upande wa pili simu ikakatika.

Jioni hiyo jirani yake, Mama Tumaini, alikuja kuomba chumvi. Alivuka kizingiti, akainua macho, bakuli likamponyoka.

"Angelina!"

"Nani, mama?"

"Yesu na Maria." Mama Tumaini alijishika kifuani. "Huyu si marehemu Angelina? Mke wa Wilfred mchora mabango. Kilemba chake kile, na kusimama kwake kule, kiuno amekishika kwa sababu ya uzito. Alifariki na mimba yake, mwanangu. Wewe picha hii umeipata wapi?"

Rahel aliitazama picha upya. Kumbe ile alasiri yote aliposimama juani na njaa yake, alikuwa akimsimamia mwanamke mwingine! Alimpenda Wilfred, tena sana, na alichokitaka kwake kilikuwa kimoja, apendwe yeye Rahel. Sasa hakujua kama aliwahi kutazamwa hata dakika moja. Alichukua simu, machozi yakimchuruzika.

"Wilfred, njoo uanue shuka lako."

"Umesemaje?"

"Nimesema njoo uanue! Nimechoka kukaa na mkeo."

Simu ikakatika, na ilipopigwa tena ilikuwa imezimwa. Mama Tumaini alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

"Rahel, mwanangu. Neno hilo umelitoa wapi?"

"Neno gani? Kitu kilichotundikwa si kinaanuliwa?"

"Na tanga je? Msiba nao unaanuliwa. Siku ya kuanua tanga la Angelina ukoo mzima ulimsubiri Wilfred kule mlimani, wakwe zake wamnyoe, wamwoshe, wamwambie sasa nenda. Hakutokea. Aliteremka mjini baada ya mazishi na hajapanda tena hadi leo. Kwa upande wao, yule bado yuko msibani."

Rahel alijifunga kanga juu ya gauni, akatoka.

Alimkuta Wilfred kwenye banda lake la kazi, amekaa juu ya kopo la rangi, bango la bucha liko mbele yake na ng'ombe hana kichwa. Macho yalikuwa mekundu.

"Ulikuwa ukinitazama mimi au yeye?" Rahel aliuliza, hata salamu hakutoa.

"Wewe. Nakuapia, wewe. Jua lilipoondoka ndipo mkono ukaenda wenyewe." Alijifuta uso kwa shati, akajipaka rangi ya kijani shavuni. "Kila nikichora mtu bila kumwangalia, anatokea yeye. Hata kwenye mabango ya saluni. Nafuta, narudia, anatokea."

"Kwa nini hukwenda kuanua tanga?"

"Kwa sababu nikianua, amekufa kweli."

Rahel alitaka kumchapa kofi, na alitaka kumkumbatia, akashindwa vyote viwili. "Nisikilize, mpenzi wangu. Mimi nimekuja kwako nikiwa hai. Siwezi kuwa ukuta wa kumtundikia marehemu. Nenda ukamalize msiba wako. Ukikataa, usinipigie tena, na mimi nitakulilia huko huko kwetu Singida."

"Twende wote."

"Niende kama nani?"

"Sijui. Twende tu, nikiwa peke yangu nitageuzia njiani."

Jumamosi walipanda mlimani, kwa gari la barabara ya Kisaki kwanza, kisha kwa miguu kati ya migomba na mashamba ya maharage, ukungu umekaa juu ya vilima. Shuka lilikuwa limetolewa kwenye fremu, limeviringishwa begani kwa Wilfred. Mama yake Angelina, mwanamke mfupi mwenye rozari shingoni, alikuwa akichambua mboga mlangoni. Alimwona mkwewe, akaendelea kuchambua.

"Shikamoo, mama," alisema Wilfred, macho chini.

"Marahaba. Umechelewa."

"Nimechelewa, mama."

"Na huyu uliyekuja naye?"

Wilfred ndiye aliyejibu. "Anaitwa Rahel. Nataka kumuoa, mama, lakini siwezi kumuoa nikiwa bado mfiwa wenu."

Mama akasimama. Aliwaonyesha ukuta wa ndani, nao wakalikunjua shuka wakalishikiza kwa misumari. Mama alimtazama mwanawe pale shukani. Aligusa kilemba, kisha tumbo, na kile kipande kikambandukia mkononi.

"Mjukuu wangu naye umemchora," alisema. "Mimi sina picha yao hata moja wakiwa wawili. Gundi haikai hapa, Wilfred. Nileteeni sindano."

Alikishona kile kitenge kwa mkono wake, akilia polepole. Alipokata uzi alisema, "Kumbe muda wote huu mwanangu alikuwa kwako."

"Alikuwa kwangu, mama."

"Basi umwache hapa."

Asubuhi ukoo ulikusanyika, katekista akasali, na mama akamnyoa Wilfred kwa wembe, akammwagia maji kichwani. Alimshika mabega. "Sasa nenda, baba. Nitawasindikiza hadi barabarani. Ukianza kuteremka, ukiitwa kutoka nyuma usigeuke, wala usiitike."

Mama alitangulia njiani, wao nyuma yake wameshikana mikono. Ukungu ulikuwa bado mzito.

"Rahel," alinong'ona Wilfred.

"Abee."

"Nakuita tu. Utakubali kuolewa na mwenye kipara?"

"Kipara chako kina matuta, lakini nimekubali."

Walikuwa bado wanacheka chinichini ukungu ulipoita, nyuma yao, huko juu migombani. "Wilfred!" Sauti ya mwanamke kijana, isiyo na haraka, kama ya mke aliyeona mume amesahau simu mezani. Wilfred akasimama. Mkono wake ukawa wa baridi ndani ya mkono wa Rahel.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Ni mama, eh?"

"Mama yuko mbele yetu."

Ikaita tena, karibu zaidi. Shingo ya Wilfred ilikuwa imeanza kugeuka, mishipa imemsimama. Rahel aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani mwake. Lakini yeye hakuna aliyemkataza. Akageuka. Aliona njia, majani ya migomba, na weupe wa ukungu.

"Abee, dada," akaitika. "Ameshaondoka. Yuko na mimi. Nitamtunza."

Haikuita tena. Wilfred alianza kulia kwa sauti, kilio cha msibani ambacho hakuwahi kukilia, na Rahel akamshika kiuno asianguke. Mama hakugeuka. Alisimama pale mbele hadi kilio kikapungua, akafunga upya kanga yake, akaendelea kuteremka, nao wakamfuata.