Niliandika Kwamba Masika Hana Akili

Nina miaka hamsini na mitano, ni daktari hapa Butembo, na wazazi hunisimamisha njiani kunishukuru. Wasinishukuru! Naandika haya nikiwa na hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe.

Wakati wa vita, mji ukiwa mikononi mwa waasi, nilikuwa daktari kijana katika hospitali ndogo. Akaja Profesa mmoja kutoka Ulaya, kwa ndege ndogo, kutufundisha ubingwa tuliokuwa hatujawahi hata kuusikia: makuzi na tabia za watoto. Mtoto husema lini? Kwa nini huyu anauma wenzake, na yule anajikojolea kila risasi zikilia? Niliupenda ubingwa ule kupita kiasi. Nilitembea na vitofali vya mbao mfukoni, nikipima watoto hadi kwenye foleni ya maji!

Ili nipate cheti, ilinipasa kuwasilisha mafaili ya watoto kumi na wawili wenye shida mbalimbali. Nilikuwa na kumi na moja. Lililobaki lilikuwa la mtoto aliyezaliwa na akili nzito.

Ndipo dada yangu Katungu akapanda kutoka Beni na binti yake wa kwanza, Masika, wa miaka mitano. Askari waliingia kwao, wakamfunga baba yake kamba na kumpiga mbele ya mtoto. Tangu siku hiyo Masika hakutamka neno... Mtoto aliyekuwa akiimba hadi majirani wanamwomba apumzike!

"Mudogo wangu," dada aliniambia, "muangalie huyu mutoto. Weye ulisoma mambo ya batoto."

Nilimwangalia, na nilijua siku ileile. Ilikuwa hofu! Nilipokaa naye peke yangu alipanga vitofali vinane, kimoja juu ya kingine, bila kuviangusha. Alihitaji mama yake, michezo na muda. Lakini mimi nilikuwa nawaza faili la kumi na mbili.

Siku ya kuwasilisha, Profesa alimwita kwa jina. Masika aliinamisha kichwa, akatazama chini. Alimwita tena. Chini. Wasomaji wangu, ni mtoto gani wa kwetu Wanande aliyelelewa vizuri anayemkodolea mtu mzima macho? Mimi mwenyewe mama alinichapa kwa kosa hilo! Na Profesa, nisimsingizie, aliniuliza: je, huku kwenu hii ni desturi?

Nikamjibu hapana.

Hapana! Neno moja tu, kwa ajili ya karatasi ya kutundika ukutani. Vile vitofali vinane sikuviandika popote. Niliandika kwamba mtoto hatazami watu machoni, hasemi, akili yake ni nzito tangu kuzaliwa, na shule haitamfaa. Nikatia sahihi. Nakala yenye muhuri ikapewa familia.

Shemeji yangu aliisoma mara mbili, akaikunja. Alisema hawezi kumpeleka shuleni mtoto ambaye hata mama yake mdogo, dokta mwenyewe, amesema hafai. Akampeleka Kyavinyonge, ziwani, kwa bibi yake, akaparue samaki. Dada alinishika mkono akilia, akaniuliza kama ni kweli. Nikasema ni kweli. Nilijidanganya kwamba nikishapata cheti nitarekebisha kila kitu...

Cheti gani? Mapigano yaliposogea, ile ndege ndogo ilimchukua Profesa na mafaili yangu yote kumi na mawili. Aliahidi kuandika. Hadi leo sijaona hata bahasha! Muda si mrefu dada yangu alikimbia kutoka Beni wakati wa mapigano, akafa kwa homa porini, akiamini kwamba alizaa mtoto asiye na akili. Mchuma janga hula na wa kwao.

Na Masika? Miezi michache tu ziwani, kati ya wanawake wa samaki, alianza kusema tena! Lakini nani angemrudisha shuleni? Karatasi ilikuwa na muhuri. Nami nilinyamaza, mwaka baada ya mwaka, kwa kuogopa aibu.

Mwaka jana aliingia ofisini kwangu. Mwanamke mzima, muuza samaki, na binti yake mkononi.

"Mama mudogo, mwalimu anaomba makaratasi ya mutoto. Miye niko na hii moja tu, mama aliniachia. Sijue kusoma. Unisomee."

Akaitoa ndani ya mfuko wa plastiki. Nikaujua mwandiko wangu. Ningeweza kudanganya tena, nani angejua? Lakini nilisoma yote, mstari kwa mstari. Akauliza ile alama ya chini ni nini. Nikamwambia ni sahihi yangu.

Akaipapasa sahihi ile kwa kidole. Kisha akasema, "Siku ile ulivaa viatu vya bluu. Niliangalia viatu tu. Mama aliniambia: usiangalie bakubwa ku macho, utaniletea haya."

Ndipo akainua uso, akanitazama machoni. Safari hii niliyeangalia chini ni mimi.

Nilimwomba niichane karatasi ile. Alikataa. "Hapana, mama mudogo. Hii ni yangu."

Enyi vijana mnaosomea watoto, nawasihi: msiuze mnachokijua kwa ajili ya cheti! Mkiulizwa mila zenu, semeni ukweli. Nanyi wazazi, muhuri si Mungu. Mtoto akinyamaza, ulizeni kwanza ameona nini.

Masika sasa anajifunza kusoma na kina mama wa parokia. Ameniambia karatasi ya kwanza atakayoisoma mwenyewe ni ile.