Spika ya Ngozi ya Kenge

Kitambaa cha spika kilikuwa kinapumua.

Uledi alikiona alfajiri, aliporudi kutoka msikitini, kabla hajafungua dirisha la karakana. Spika ilikuwa juu ya meza ndani ya sanduku lake la mbao, na kile kitambaa cha kijani alichokigongomea mbele jana yake kilikuwa kinavimba polepole, kinanywea, kinavimba tena, kama tumbo la mtu aliyelala. Alidhani ni upepo wa ziwani. Akaziba ufa wa mlango kwa gunia. Kikavimba. Akainama kutazama nyaya: zilikuwa zinaning'inia chini ya meza, hazijagusa redio wala betri.

"Usingizi tu huu," alijisemea, akachukua bisibisi na kuipa meza mgongo.

Mtaa wa Waswahili pale Rumonge ulimjua Uledi kwa mambo mawili, hasira na ukweli. Ufundi hakufundishwa na mtu. Alijifunza kwa kufungua redio mbovu na kupigwa na umeme hadi meno yakagongana. Redio ikifa, alikwambia imekufa, tena kwa sauti kubwa, na ukibisha alikurudishia mikononi, ukamtafute mwongo mwingine akutengenezee. Watu walimchukia asubuhi, jioni wakarudi kwake, kwa sababu fundi asiyedanganya hapatikani kila kichochoro.

Spika ile ilikuwa ya Abasi, mwenye gari la Pijo lililobeba abiria kati ya Rumonge na Usumbura. Redio ya gari lake ilikuwa na spika ndogo, ikilia kama nzi ndani ya kopo. Uhuru ulikuwa unakaribia, kila mtu alitaka kusikia kila kitu, na Abasi alitaka zaidi ya hapo.

"Fundi, mimi nataka hata mutu mwenye iko mbali mu michikichi asikie, aseme Abasi huyo anapita," alisema, akiweka mezani spika kubwa aliyoinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa anafunga mizigo arudi kwao. "Ile ndogo uitupe. Hii uiweke nyuma ya kiti."

Tatizo ni kwamba panya walishaila. Karatasi ya spika ilikuwa nzima, lakini ule ukingo laini unaoishika karatasi kwenye chuma ulikuwa umetafunwa mzunguko mzima. Uledi alijaribu kitambaa cha kanga, spika ikakoroma. Akajaribu mpira wa baiskeli, ikasema kama mtu mwenye mafua. Akatukana panya, akamtukana mzungu, akainua macho juu kwa ghadhabu, na macho yakatua kwenye boriti inayopita hadi jikoni.

Pale juu, ndani ya shuka nyeupe, ilining'inia ngoma ya Bibi Kabibi.

Bibi Kabibi alikuwa bibi yake Chausiku, mke wa Uledi. Enzi zake alikuwa mganga wa kupunga pepo, na ngoma ile ndogo ndiyo aliyowaitia wale wa ziwani. Iliwambwa ngozi ya kenge, nyembamba kama ganda la kitunguu, ngumu kama nia ya mzee. Kabla ya kufa aliusia ifungwe, isipigwe, isifunuliwe, mpaka pepo mwenyewe wa ziwani atakapomwomba mtu wa damu ya Kabibi. Damu hiyo ilibaki moja tu, Chausiku, mwimbishaji wa arusi ambaye sauti yake iliwafanya wanawake wa Rumonge waache vyungu viungue. Siku ya kuingia nyumba ile, Chausiku alimwambia mumewe, "Ile ngoma usiiguse. Hata vumbi yake, ni mimi nafuta." Uledi akakubali.

Lakini Chausiku alikuwa Nyanza-Lac kwenye arusi, na Abasi alikuwa ameahidiwa. Ahadi kwa Uledi ilikuwa ahadi.

"Ngozi ni ngozi," alisema. Akaishusha ngoma, akakata kwa wembe duara pana kama mdomo wa sufuria, akaifunga tena shuka kama ilivyokuwa, akairudisha juu. Ngozi ilikuwa imehifadhiwa miaka kwenye moshi wa jiko, kavu kabisa. Hata hivyo wembe ulitoka umelowa.

Ngozi ile ilipogeuzwa ukingo na spika kuunganishwa, mtaa ulisimama. Sauti ilitoka nzito, yenye nyama, hata msoma habari wa Kifaransa ambaye hakuna aliyemwelewa alisikilizwa kama anagawa urithi. Wauza samaki walitua makarai mlangoni. Jioni hiyo Chausiku akarudi kutoka arusini, akasimama kizingitini na mzigo kichwani.

"Nani huyo anaimba na hao wanaume?"

"Hakuna anayeimba. Ni habari hizo."

"Iko mwanamuke pale, chini ya sauti zao." Alicheka. "Mwizi, ananiibia hadi pumzi." Kicheko kikageuka kikohozi.

Na kesho yake alfajiri ndipo Uledi alipoona kitambaa kinapumua.

Mchana ule wanawake walikusanyika kufanya mazoezi ya wimbo wa siku ya uhuru, na Chausiku ndiye wa kuuanzisha. Alipofika pale juu, pale ambapo wenzake humwachia apande peke yake, sauti ikakatika kama uzi. Walimcheka, wakasema maharusi wa Nyanza-Lac wamemmaliza. Akaanza tena. Ikakatika chini zaidi. Karakana nayo ilianza kunuka matope ya ziwa, na juu ya matope harufu ya udi, na hakuna aliyekuwa amewasha chetezo.

Uledi hakungoja jasho likauke. Aliifunga spika nyuma ya kiti cha Pijo, akapitisha nyaya chini ya zulia, akakaza skrubu.

"Haina tatizo?" aliuliza Abasi.

Wateja wote wa Rumonge walijua jibu la Uledi kwa swali hilo lilikuwa hotuba. Siku hiyo lilikuwa neno moja.

"Haina."

Abasi akaondoka kwenda Usumbura, muziki ukitimua kuku barabarani. Chausiku alikuwa jikoni. "Bwana, chumvi iko wapi, uliiweka..." na hapo mdomo ukaendelea kwenda bila kitu. Alishika koo. Alifungua kinywa mpaka mishipa ikasimama shingoni, na kilichosikika ni chungu kikitokota.

Jioni Pijo liliporudi mjini, sauti ikamrudia kama mnong'ono. Asubuhi gari likaondoka, mnong'ono nao ukaondoka. Uledi alikuwa fundi, hakuhitaji kuambiwa mara tatu. Ndivyo stesheni inavyofifia mtu akiiacha mbali. Sauti ya mke wake ilikuwa mle garini, nyuma ya kiti, na Abasi alishatangaza kwamba kesho atavuka mpaka kwenda Kigoma kuwachukua ndugu zake kwa ajili ya uhuru.

Usiku huo aliishusha ngoma akaifunua shuka mbele ya Chausiku. Chausiku alitazama tundu, akaingiza kidole, akakizungusha ukingoni mwa ngozi iliyobaki. Akalia bila sauti. Kisha akajifunga kanga, akaipakata ngoma kama mtoto, na kulipopambazuka akamwongoza mumewe kusini, kwa Bibi Mwasiti.

Bibi Mwasiti alikaa Kigwena, mahali michikichi inapokutana na msitu. Zamani alikuwa msaidizi wa Bibi Kabibi. Aliipokea ngoma kwa mikono miwili, akamtazama Uledi kama mtu anayetazama kinyesi kwenye mkeka.

"Uliomba?"

"Niombe nani, bibi?"

"Mwenye ngozi."

"Bibi, ni kenge, na kenge alishakufa zama..."

"Nyamaza! Umeng'oa mulango wa watu, sasa unauliza mwenye nyumba ni nani? Alikuwa anamungoja huyu muke wako kwa heshima. Angekuja kumuomba sauti, na huyu mutoto angekubali ao angekataa, ni mambo yao. Weye umemufungulia apite bila hodi. Basi amejilipa mwenyewe." Akatema mate pembeni. "Ile ngozi irudi yote. Usiache hata kipande kama ukucha. Tutaishona, ngoma iende mu ziwa. Lakini sikia, mujukuu, sikia vizuri. Itakuita. Itakuita na sauti ya huyu. Usijibu. Mutu akijibu anafungua mulango mwingine, na ule mimi sina kifuniko yake."

Hawakuhitaji kulitafuta Pijo. Lilikuwa limezimika barabarani mbele ya boma la Bibi Mwasiti, pua yake ikielekea kusini, na Abasi alikuwa amechuchumaa ng'ambo ya barabara, viatu mkononi. Jua lilikuwa utosini. Hakuna ndege aliyelia msituni.

"Fundi!" Abasi alinong'ona, kama anaogopa gari lisimsikie. "Umeniwekea nini mu gari?"

"Redio iko imezimwa?"

"Redio? Nimetoa mpaka betri, angalia, ile pale kwenye majani! Bado inaongea. Inakuita weye."

Uledi alishika wembe akafungua mlango wa nyuma. Joto lilimpiga usoni, si joto la bati lililokaa juani bali joto la kinywa, na ndani ya joto hilo yale matope na ule udi, na alipovuta kiti mbele aliona kwamba kile kitambaa cha kijani kimepasuka chenyewe na ule ukingo aliokuwa ameukata kwa mkono wake, upana wa vidole viwili, umekua, umepanda juu ya karatasi yote na kuifunika hadi katikati, ngozi mbichi yenye magamba, imelowa, inapanda na kushuka. Akabisha hodi kwa midomo bila sauti, kwa kuchelewa, akaingiza wembe pembeni, na sauti ikatoka pale, ya chini, ya mwanamke aliyeamshwa usingizini.

"Bwana."

Alibana meno. Akakata.

"Bwana, uko hapo? Kuna giza huku. Nimetafuta mlango, sioni. Mbona hunisemeshi, nimekukosea nini?" Naye akakata, damu au maji ya ziwa yakimtiririka hadi kiwikoni, akijikumbusha kwamba Chausiku amesimama kule bomani kando ya bibi, na kwamba yule wa bomani ana miguu na mikono na macho yaliyovimba kwa kulia, lakini hana sauti, na sauti ndiyo hii, sauti iliyomwambia ndiyo mbele ya shekhe, iliyomtuliza hasira zake usiku baada ya usiku, sasa ikilia kama mtoto aliyefungiwa ghalani, ikisema, "Usinikate, Uledi, unanikata mimi, ni mimi unanikata, naumia," na wembe ukafika kwenye ule upande wa mwisho, na sauti ikapiga ukelele mmoja mwembamba, pale juu, pale pale ambapo wenzake humwachia apande peke yake.

"Chausiku?" alisema Uledi.

Ukelele ukakatika. Ngozi ikaacha kupumua, ikaning'inia mkononi mwake, nyepesi, kavu kama ganda la kitunguu.

Bibi Mwasiti aliishona ngoma kwa uzi mweusi. Akakagua kila pindo kwa kucha. Wakateremka wote ufukweni, Abasi nyuma kabisa, na ngoma ikatupwa mahali maji yanapobadilika rangi. Haikuelea hata kidogo. Ilizama kama kitu kilichovutwa mguu.

Chausiku akakohoa. Akatema kitu cheusi mchangani, akakifukia kwa kisigino, akamgeukia mumewe.

"Mujinga weye," alisema. Sauti yake yote, nzima, yenye nyama.

Abasi alicheka hadi akaketi. Uledi alilia. Bibi Mwasiti peke yake hakucheka. Alimvuta Uledi kando kwa mkono wa shati.

"Ilikuita?"

"Iliniita, bibi."

"Ulijibu?"

Uledi alimtazama mke wake, aliyekuwa anajaribu sauti yake ufukweni, akiipandisha ngazi kwa ngazi, na kila ngazi ilikuwapo. Mtu akishadanganya mara moja, ya pili huteleza yenyewe.

"Hapana."

Siku ya uhuru Chausiku aliuanzisha wimbo kwenye uwanja wa mpira, na alipopanda pale juu watu walisahau kupiga makofi. Bendera mpya ilipepea. Abasi alirudishiwa spika yake ndogo ya nzi na kopo, akasema hiyo ndiyo aliyokuwa anaipenda tangu mwanzo. Sherehe zilipoisha, Uledi akarudi mezani kwake. Mwalimu Sylvestre alikuwa ameleta redio ya lampu, haitoi sauti. Uledi alifungua mgongo wake, akachomoa lampu zote, vile vioo ambavyo bila hivyo redio haisemi, akazipanga juu ya meza, akachungulia ndani ya sanduku tupu.

Kitambaa cha mbele ya redio kikavimba.

"Chausiku?" iliita redio.

Ilikuwa sauti ya mwanamume, ya woga kidogo, inayopanda mwishoni. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, ileile aliyoitikia nayo garini. Uledi aliruka kuelekea mlango wa ua ili apige kelele, amzuie, amwambie anyamaze, lakini kule uani, akiwa ameinamia ungo wa mchele, mke wake alishainua kichwa na kuitika kwa furaha, kama mke yeyote anavyomwitika mumewe.

"Abee, bwana! Nakuja."

Uledi alikuwa hajafungua mdomo bado.