Mchumba wa Zamu ya Tano

"Futa hiyo sauti, Mardhiya. Futa sasa hivi. Shuaib yumo humu."

Ujumbe ulitoka kwa Taha, mwenye kundi la WhatsApp la wapenzi wa mpira wa kikapu hapo Amu, mji wa Lamu. Hakuuweka kundini, alimtumia Mardhiya peke yake. Mardhiya alikuwa amesimama jikoni kwao, kikombe cha chai mkononi, bado anacheka kwa maneno aliyoyasema mwenyewe punde tu. Akausoma tena. Kicheko kikamfia mdomoni.

Asubuhi hiyo kundi lilikuwa linachemka. Matokeo ya bahati nasibu ya NBA, ligi ya Marekani, yalikuwa yametoka, ile inayopanga ni timu ipi itatangulia kuchagua vijana wapya. Timu anayoishabikia Taha ilikuwa imefungwa msimu mzima, na wenye ulimi wakasema ilifungwa kwa makusudi ili ipate zamu ya kwanza. Mipira ya bahati ikaiangusha mpaka zamu ya tano. Taha akawa kama aliyefiwa. Wengine walimshauri achukue mrefu wa kuziba pengo chini ya kikapu. Mardhiya, mwalimu wa michezo aliyewahi kucheza chuoni Mombasa, akapinga: chukua aliye bora kati ya waliobaki, nafasi yake utamtafutia baadaye. Watu walipenda kumsikiliza. Alijua mpira, na alijua kuchekesha.

Ndipo mmoja akamuuliza kwa utani, na wewe mwalimu unayeolewa Ijumaa, ulipata zamu ya ngapi?

Angeweza kunyamaza. Akabonyeza kitufe cha kurekodi.

"Mimi nilikuwa naingoja zamu ya kwanza, jamani. Nikaingoja miaka, mipira ikaniangusha ya tano. Chaguo lenyewe likachukuliwa na timu ya Mombasa. Sasa utafanyaje? Unamchukua aliyebaki, unamwombea Mungu akue."

Vicheko vikamiminika. Amu nzima ilijua chaguo lenyewe ni nani: Abdulwahid, aliyetarajiwa kumposa, kisha akaenda kuoa Mombasa. Na aliyebaki ni Shuaib, fundi wa injini za boti, mtu wa kijiji cha Mkokoni anayefanya kazi hotelini Ras Kitau, ng'ambo ya maji, mpole, asiyejua lolote la mpira wa kikapu.

Alimpigia Taha simu.

"Shuaib ameingiaje humu?"

"Aliniomba mwenyewe wiki jana nimtie kimyakimya. Anataka kujifunza mpira mpate la kuzungumza mkishaoana. Hunipigia kila jioni niwe namfahamisha. Nilidhani ukija kumwona humu utafurahi."

Kabla ya kufuta, Mardhiya aliangalia waliokwisha kuisikiliza ile sauti. Jina la Shuaib lilikuwemo. Akafuta hivyo hivyo, akampigia. Simu iliita mpaka ikakatika. Baadaye ukaingia ujumbe: "Nimesikia. Niko kazini. Usijali."

Hilo la usijali ndilo lililomuumiza zaidi. Angemtukana angejua pa kushika.

Alimweleza dada yake, Hadia, hali ameinamisha uso. Hadia hakumkaripia. Alimwambia tu avae buibui lake waende, kwani mambo ya namna hiyo hayasemwi kwenye simu.

Walivuka kwa boti, wakamkuta Shuaib bandani nyuma ya hoteli, injini imefunguliwa mbele yake, mikono imejaa mafuta. Alimsalimia Hadia kwanza, kwa adabu zake zote, akamletea kiti. Hadia akakivuta kando, pale wanapoonekana lakini hawasikiki vyema.

"Nimekuja kukuomba radhi," Mardhiya akasema.

"Si ushafuta."

"Kufuta si kuomba radhi."

Shuaib alichukua kitambaa akawa anafuta kidole kimoja kimoja.

"Unajua, hayo ya zamu na mipira nimeanza kuyafahamu juzi tu. Ungeyasema wiki jana nisingeelewa kitu. Ningecheka pamoja nao."

Mardhiya akahisi uso unamwaka moto mpaka masikioni.

"Nikuulize moja," Shuaib akaendelea. "Ulikuwa mzaha, au ni kweli ukaivisha mzaha?"

Ndani ya boti alikuwa ameshatunga jibu, kwamba ni mzaha mtupu, mdomo tu. Alipomtazama, jibu lile halikutoka.

"Posa yako ilipokuja, ilikuwa kweli. Nilikuwa nimekaa ndani kwa aibu ya Abdulwahid. Kila mwanamke aliyeingia kwetu aliniuliza. Wewe ukaja, nikakubali kwa kuwa nilichoka kuulizwa."

"Na sasa?"

"Sasa simu ikilia nataka iwe yako. Sijakwambia kwa kuwa naona haya. Wewe nakuonea haya kukupa neno zuri, na kundi zima sikulionea haya kulipa neno baya."

Shuaib alikikunja kile kitambaa. Kisha akasema wazee wake wamekwisha kuondoka Mkokoni kuja harusini, na kuwarudisha ni kuwavunjia uso.

"Lakini sitaki kuoa mtu aliyechoka kuulizwa," akamaliza. "Niache nifikiri."

"Nitangoja."

"Usingoje tu, Mardhiya. Kama una la kufanya, lifanye."

Alasiri ile Mardhiya alimwambia Taha anataka kusema kundini. Taha akamsihi aache, watu wameshasahau. Mardhiya alijua hawajasahau. Akarekodi, bila utani:

"Asubuhi nilimdharau mchumba wangu mbele yenu ili mcheke. Yumo humu, na alisikia. Shuaib, nakuomba radhi mbele ya hao hao. Hukustahili."

Baada ya kitambo mmoja akauliza kama timu ya Taha itaiuza zamu yake, na mabishano yakarudi pale pale. Jina la Shuaib likaonekana miongoni mwa waliosikiliza. Kesho yake asubuhi kundi likaandika kwamba Shuaib ameondoka.

Mardhiya alilichukua hilo kuwa ndilo jibu. Alipakwa hina akiwa hajui kama kuna bwana harusi. Wanawake walimsifia hina, yeye akatazama mikono yake kama si yake. Kumwambia mama yake alishindwa. Hadia tu ndiye aliyejua, naye alimshika bega kila alipopita.

Ijumaa baada ya sala ya alasiri, baba yake, Bwana Athman, aliingia chumbani na mashahidi wawili. Mmoja alikuwa ami yake Shuaib, mzee wa Mkokoni. Shangazi zake wakamvuta ushungi ufunike uso. Bibi arusi wa kwao huinama, akanyamaza, na kimya chake ndiyo ridhaa.

"Mwanangu," baba yake akasema, "Shuaib yuko msikitini angoja. Nikuoze?"

Kumbe amekuja.

Mardhiya akainua uso.

"Ndiyo, baba. Namtaka Shuaib. Namtaka mimi mwenyewe."

Shangazi mmoja akakohoa. Bwana Athman alitazama mkeka, asijue afanye nini na bibi arusi mwenye sauti. Yule mzee wa Mkokoni akatega sikio.

"Sema tena, mwanangu. Nipate kumfikishia yalivyo."

Haya zilimpanda Mardhiya mpaka mato yakamlowa machozi, lakini hakuinama. Akarudia kwa sauti kubwa zaidi, mpaka waliokaa barazani nje wakageuka.

Magharibi ilipopita Shuaib akaingizwa chumbani, kanzu yake bado inanukia udi. Wakakaa, kila mmoja akitazama magoti yake.

"Kundini nilitoka kwa kuwa nililotaka kusikia nilishalisikia. Na ami ameniambia ulisema mara mbili," Shuaib akasema mwishowe.

"Mara ya kwanza hakunisikia."

"Alikusikia," Shuaib akasema. "Alitaka wote wasikie."